Sura ya Saba: Kosa Lenye Mpangilio

Bendi za Tabora hazikuwa na haraka ya kumaliza wimbo. Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, kama bendi nyingine za dansi za wakati wao, zilianza na maneno, zikakieleza kisa mpaka kikaeleweka, kisha zikayaachia magitaa uwanja. Sahani ya santuri ya inchi saba, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika, hubeba dakika tatu au nne kwa upande mmoja, na hata ikibanwa sana huongeza dakika chache tu. Kwa hiyo nyimbo nyingi za dansi za Afrika Mashariki zilikatwa katikati: upande wa kwanza ukachukua maneno, wa pili ukachukua magitaa, na lebo zikaandikwa sehemu ya 1 na sehemu ya 2. Mkato huo uliwakera wasikilizaji. Lakini kwa fundi wa jukiboksi, ile mashine ya santuri inayotumbukizwa sarafu na kuchagua sahani yenyewe, mkato huo ni msaada mkubwa. Mashine ikiombwa sehemu ya kwanza ikaleta ya pili, sikio linajua papo hapo, hata kabla jicho halijasoma lebo, kwamba sahani imepatikana sawasawa ila upande umekosewa. Na kujua hilo peke yake kunaondoa nusu ya mashine katika orodha ya washukiwa. Hoja yangu katika sura hii ni hiyo: jukiboksi inayoleta wimbo usioombwa haijachanganyikiwa. Kosa lake lina mpangilio, na mpangilio huo, ukisomwa kabla bisibisi haijashikwa, hutaja mahali palipoharibika.

Hoja hii ina uzito wa pekee kwa mtu aliye kwenye njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, ndani ya Unyanyembe, Novemba 1857, kila kitu cha kiwandani kilichokuwa pale kilikuwa kimebebwa mabegani kutoka pwani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, tawi la Mwanza likafuata mwaka 1928, na muziki nao ukapita humo humo. Shem Karenga, aliyeipa Tabora Jazz wimbo wa Dada Asha, alikuwa ametokea Kigoma. Bendi za Tabora zilisikika redioni kwa kanda zilizorekodiwa Dar es Salaam, lakini sahani za kuuza zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 biashara hiyo ikakatika. Mashine zenyewe zilitoka mbali zaidi: Seeburg na Rock-Ola za Chicago, Wurlitzer ya jimbo la New York, AMI ya Michigan, NSM ya Ujerumani. Zilienea sana katika baa za Kenya, na mtu aliyeipata moja leo akataka kuipakia muziki wa Tabora anashika vitu viwili ambavyo havitengenezwi tena. Duka la vipuri halipo jirani. Kinachobaki ni kufikiri kwa utaratibu, na bahati nzuri mashine hizi zilibuniwa na watu waliofikiri hivyo.

Tuanze na safari ya uchaguzi mmoja. Mteja akishalipa hubonyeza herufi, halafu namba. Vitufe hivyo viwili hufunga njia mbili za umeme, na pale zinapokutana, sumaku ya umeme husukuma pini moja iliyopangwa pamoja na nyingine kwenye duara. Kila pini ni ya upande mmoja wa sahani moja. Pini iliyosukumwa ndiyo kumbukumbu ya mashine. Kisha gurudumu lililobeba sahani huanza kuzunguka, na kifaa kidogo kinachopapasa pini kinapoikuta ile iliyotokeza, mota hukatiwa umeme na ulimi wa chuma huchomeka kwenye pengo ili gurudumu lisimame mahali pake hasa. Mkono huichukua sahani na kuilaza kwenye meza inayozunguka, kwa upande huu au ule, na pini hurudishwa ndani. Seeburg walifuata njia tofauti kidogo: sahani zimesimama wima katika safu, na gari dogo lenye meza na sindano hukimbia kwenye reli mbele yake, likicheza upande mmoja linapokwenda na upande wa pili linaporudi. M100A yao ya mwaka 1948 ilikuwa na sahani 50, yaani chaguzi 100. M100B ya mwaka 1950 ndiyo jukiboksi ya kwanza iliyotengenezwa kwa sahani za 45. Aina ni nyingi, lakini hatua ni zile zile: kuomba, kukumbuka, kutafuta, kusimama, kuchukua, kugeuza. Kila hatua ikiharibika huacha alama yake, na alama hizo hazifanani.

Utajiri wa ushahidi uko kwenye vitufe. Mashine ya chaguzi 200 ina herufi 20, kuanzia A hadi V bila I na O, zilizoachwa ili zisichanganywe na 1 na 0. Na ina namba kumi. Ishirini mara kumi ni mia mbili, na kila wimbo unakaa kwenye makutano ya mstari wa herufi na mstari wa namba. Sasa tuseme chaguzi zote kumi za herufi K hazifanyi kazi, na 190 zilizobaki ni nzima. Namba zote kumi zimeshajithibitisha, kwa sababu herufi nyingine zinazitumia bila shida. Pini kumi haziwezi kuharibika siku moja kwa kufuata mstari wa alfabeti. Sahani hazihusiki kabisa. Kilichobaki ni kitu kimoja ambacho chaguzi zote kumi zinakitumia na nyingine hazikitumii: kontakti za kitufe cha K na waya unaotoka hapo. Nyumba zote za mtaa mmoja zikikosa maji na mitaa mingine inayo, hakuna anayekwenda kubadilisha bomba ndani ya kila nyumba. Hata hivyo ndivyo inavyofanyika mara nyingi kwenye jukiboksi: mtu anafungua duara la pini, anagusa springi mia mbili zilizokuwa nzima, na anapolifunga tena amezaa hitilafu tatu ambazo hazikuwepo.

Kwa kuwa mashine ni jedwali, haihitaji kujaribiwa mara 200 ili iseme ukweli. Jaribu kwa mshazari: A1, B2, C3, D4, E5, F6, G7, H8, J9, K0, kisha L1, M2, N3, P4, Q5, R6, S7, T8, U9 na V0. Kwa majaribio 20 kila herufi imetumika mara moja na kila namba mara mbili. Andika majibu yote kwenye karatasi, pamoja na yale sahihi, maana jibu sahihi ni ushahidi wa kuwaachia huru wasiohusika. Ikiwa D4 imegoma, usiguse chochote. Jaribu D5 na C4. D5 ikigoma na C4 ikikubali, mshukiwa ni herufi D. Ikiwa kinyume chake, ni namba 4. Zote mbili zikikubali, herufi ni nzima, namba ni nzima, na kosa liko kwenye makutano yenyewe: pini ya D4, au kiunganishi chake. Jaribio la mshazari halitagundua kila pini iliyokwama, na hilo ni la haki kulisema. Pini iliyolala kwenye H3 itangoja hadi mtu aombe H3. Lakini pini moja iliyokwama ni kosa dogo na huonekana kwa macho. Makosa yanayoangusha sehemu kubwa ya mashine ndiyo mshazari huyakamata, tena haraka. Dawa yake nayo kwa kawaida ni nyepesi: kipande cha karatasi ngumu kilicholowekwa spiriti, kikapitishwa katikati ya kontakti mpaka kitoke kisafi. Msasa hapana. Kontakti nyingi za mashine hizi zimepakwa madini laini ya fedha, na msasa huyaondoa pamoja na uchafu.

Kuna kosa lingine linalowachanganya watu kuliko yote: mashine inaleta jirani. Unaomba Rangi ya Chungwa ya Nyanyembe Jazz, inacheza sahani iliyo pembeni yake. Hapa swali la kwanza ni moja tu: je, kila uchaguzi umekosewa kwa hatua ile ile na kwa upande ule ule? Kama ndiyo, mashine imechagua vizuri kabisa. Gurudumu limehama kuhusiana na duara la pini, pengine baada ya skrubu kulegea au mashine kubebwa safari ndefu bila kufungwa. Kama kosa linaanzia mahali fulani na kuendelea hadi mwisho, huku chaguzi zilizotangulia zikiwa sawa, basi hakuna kilichoharibika: aliyepakia sahani aliruka nafasi moja, na zote zilizofuata zikasogea. Kosa la aina hiyo ni la mpakiaji, na ni aibu kulifungulia mashine. Kama kosa linakuja na kuondoka, leo hatua moja mbele, kesho sawa, tatizo liko kwenye kusimama. Ulimi umechelewa kuingia kwenye pengo lake, gurudumu limepita. Huchelewa kwa sababu springi imechoka, au grisi ya miaka sitini imegeuka gundi, au vumbi la kiangazi, ambalo Tabora halikosekani, limechanganyika na mafuta mapya yaliyomwagwa na mtu mwenye nia njema. Grisi kuukuu huondolewa kwanza yote. Kuongeza mpya juu yake ni kuongeza gundi.

Umeme nao una sehemu katika kuchelewa huko, na hapa mashine ya Marekani inapofika Tanzania hubeba mzigo usiokuwa wake. Ilijengwa kwa volti 117 na mizunguko 60 kwa sekunde. Hapa inakuta 230 na 50. Transfoma inashusha volti, lakini haibadilishi mizunguko. Mota inayofuata mizunguko ya umeme itakwenda kwa sehemu tano za sita za kasi yake, na sahani ya 45 itazunguka mara 37 na nusu: sauti ya mwimbaji inashuka, wimbo unavuta miguu. Hiyo si hitilafu ya uchaguzi, na dawa yake ni kubadilisha kipande cha mota kinachopanga kasi, kama viwanda vilivyofanya kwa mashine za kuuzwa nje. Lakini volti ikishuka jioni, kila nyumba inapowasha taa, sumaku ya kuvuta ulimi inaweza kukosa nguvu ya kutosha na kuchelewa. Kwa hiyo saa ya kosa iandikwe kando ya kosa. Mashine inayokosea usiku tu na kupona asubuhi inastahili kupimwa volti kabla ya kitu kingine chochote.

Upande wa sahani ndio unaturudisha kwenye nyimbo zilizokatwa. Kwenye kadi ya majina ya jukiboksi, wimbo wa upande mmoja huandikwa juu, wa pili chini, jina la bendi katikati. Kwa sahani ya sehemu mbili majina ni yale yale, na mteja asiyejua huona tu kwamba wimbo unaanzia katikati. Atasema mashine inaruka maneno, au sindano imekwisha. Fundi akiyapokea malalamiko hayo kama yalivyo ataanza na sindano na atapoteza siku nzima. Akiuliza ni upande upi ulioombwa, ataona mengine. Kama pande zote za kwanza zinapatikana na za pili hazipatikani kamwe, kifaa cha kugeuza ndicho chenye shida: sumaku yake, swichi yake, au kwenye Seeburg, swichi ya mwisho wa reli inayoliamuru gari kurudi. Kama sahani mbili tatu tu ndizo zinazokosewa upande, kigeuzi ni kizima, na macho yaelekezwe kwenye pini za sahani hizo. Ndiyo maana ningependa kila mashine ijaribiwe kwa sahani za sehemu mbili. Hakuna sahani nyingine inayosema kwa uwazi hivyo upande gani umechezwa.

Gurudumu linalozunguka bila kusimama huogopesha kwa kelele zake, lakini ni rahisi. Ama pini imetokeza na kipapasio hakiisikii, ama hakuna pini iliyotokeza na swichi ya kutafuta imebaki imefungwa. Zima, chomoa plagi, ngoja kidogo kwa sababu kapasita hushika umeme hata baada ya waya kuchomolewa, kisha zungusha gurudumu kwa mkono na uangalie pini. Jibu linaonekana.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote hutoka kwa watu wa umeme, nao wana sababu nzuri. Mashine ya mwaka 1955, wanasema, ina kapasita zilizokauka na nyaya ambazo ngozi yake inapukutika. Kwa nini tusianze na umeme, au tuutoe wote na kuweka kadi ya kisasa? Nakubaliana nao kwa sehemu moja: umeme unaolisha mashine upimwe mapema, kwa sababu volti dhaifu huzaa makosa yasiyo na mpangilio, na kosa lisilo na mpangilio ndilo pekee linaloikwepa njia ninayoitetea. Lakini kupima si kubadilisha. Na kadi mpya haitibu gurudumu lililohama, ulimi uliogandishwa na grisi, wala sahani zilizopakiwa nafasi moja pembeni. Itatoa amri sahihi kwa mwili usioweza kutii. Hata mashine zilizokuja na kompyuta ndogo ndani yake kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 bado zilitegemea kuhesabu nafasi za gurudumu, na gurudumu likiteleza hesabu inateleza nalo.

Mfano ulio mgumu zaidi kwa hoja yangu ni Seeburg V200 ya mwaka 1955, ambayo haina pini. Kumbukumbu yake ni pete ndogo za sumaku, moja kwa kila uchaguzi. Msukumo mfupi wa umeme hugeuza mwelekeo wa sumaku, na gari linapopita mbele ya pete iliyogeuzwa hupokea ishara na kusimama. Hakuna kinachosogea, kwa hiyo hakuna cha kuangalia. Je, hapa mpangilio unasaidia? Unasaidia zaidi, kwa kuwa macho hayawezi. Kiboksi chenye pete hizo hulaumiwa haraka kwa sababu hakieleweki haraka, ilhali hakina kitu cha kuchakaa. Herufi nzima ikipotea, pete kumi hazijafa pamoja. Njia inayozifikia imekatika. Chaguzi zikipotea ovyo, msukumo wa kuandika au kikuza ishara cha kusoma kimedhoofika. Tena kukichunguza kiboksi hicho bila sababu kuna hatari yake, kwani mafundi wa Seeburg walionywa wasikipime kwa mita ya ukinzani: mkondo wa mita waweza kuvuruga sumaku au kuunguza waya mwembamba. Anayesoma mpangilio kwanza hana haja ya kukigusa.

Pingamizi la pili ni la msikilizaji. Dada Asha iko kwenye simu. Mashine ya nini? Simu ina wimbo, nakubali, lakini mara nyingi ina nakala ya nakala, iliyotolewa kwenye kaseti iliyotolewa redioni. Bendi zilirekodi redioni kwa kanda na Nairobi kwa sahani, na rekodi hizo mbili si lazima zifanane kwa urefu, kwa sauti wala kwa wapigaji. Sahani ni ushahidi wa rekodi yake yenyewe, na sehemu ya pili, yenye magitaa, ndiyo inayopotea kwanza pale mtu anaponakili upande mmoja tu akidhani wimbo umeisha. Jukiboksi nzima huzishika pande zote mbili na kuzitoa kwa yeyote anayeomba. Jukiboksi mbovu, kinyume chake, huziua: gurudumu lililosimama nusu hatua pembeni huuelekeza mkono wa chuma kwenye ukingo wa sahani badala ya pengo lililoachwa kwa ajili yake, na ukingo humeguka. Hapa hitilafu ya uchaguzi inaacha kuwa kero ya mteja na kuwa hasara isiyolipika, kwa sababu hakuna kiwanda kitakachochapa nyingine.

Kwa hiyo nakuomba, wewe mwenye sahani za bendi hizi, uwe Tabora, Urambo, Uvinza au Ujiji, au umezichukua ukaenda nazo mbali: usiziweke kwenye mashine ambayo haijapita mshazari. Tafuta kwanza sahani za bei rahisi zisizo na thamani kwako, zenye tundu kubwa la milimita 38, maana yenye tundu dogo haitakaa kwenye meza ya jukiboksi. Zipakie, fanya majaribio 20 asubuhi na 20 jioni, andika kila jibu na saa yake. Zikitoka zote sawa, pande zote mbili, bila alama mpya ukingoni, ndipo upakie Nyanyembe Jazz.